Seliaki na ukavu wa macho na mdomo: namna ya kupima, kupika na kuishi navyo Mombasa

Maswali ya wanaoanza ni yaleyale kila mara. Nikiacha ngano, macho yatapona? Nimeacha chapati miezi mitatu, mbona sasa kipimo kinasema sina kitu? Daktari wa macho ananiambia ukavu, wa tumbo ananiambia seliaki, nimfuate yupi?

Wafuate wote wawili. Seliaki ni kinga ya mwili kuushambulia utumbo mwembamba kila unapokula gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Ugonjwa wa Sjögren, uliopewa jina la daktari wa macho wa Sweden aliyeueleza mwaka 1933, ni kinga hiyohiyo kushambulia tezi za machozi na mate. Jeni za DQ2 zinazofungulia mlango seliaki huonekana pia kwa wagonjwa wengi wa Sjögren, ndiyo maana mwenye mmoja huwa na uwezekano mkubwa kuliko jirani yake wa kuwa na wa pili. Hata hivyo ni magonjwa mawili. Kuacha ngano hutibu utumbo. Tezi iliyokwisha kuharibika hairudi kwa sababu umeacha mahamri.

Nadharia inatosha.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Daftari dogo. Kwa wiki mbili andika: choo, tumbo kujaa gesi, vidonda vya mdomo, uchovu, macho kuhisi mchanga, na mara ngapi usiku umeamka kunywa maji.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na zile za kununua dukani bila cheti.
- Sirinji ya mililita 5 isiyo na sindano, na kikombe kidogo kisafi.
- Machozi bandia yasiyo na kihifadhi, yale ya vichupa vidogovidogo vya kutumia na kutupa.
- Dawa ya meno yenye floridi. Tafuta 1450 ppm kwenye pakiti.
- Mwiko, chekeche, kibao cha kukatia na kikaango vipya. Sababu utaiona hatua ya sita.

Hatua ya 1: Usiache ngano bado

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Vipimo vya seliaki hutafuta alama ambazo mwili hutoa wakati unakula gluteni. Ukiiacha, kingamwili hushuka na utumbo huanza kupona, na kipimo kinatoka safi ilhali ugonjwa upo.

Kula ngano kila siku, kwenye zaidi ya mlo mmoja, kwa angalau wiki 6 kabla ya kutolewa damu. Hamri moja asubuhi na chapati moja usiku zinatosha. Kama umeshaacha na kila ukigusa ngano unaumwa vibaya, usijilazimishe peke yako. Muulize daktari juu ya kipimo cha jeni za HLA-DQ2 na DQ8, ambacho hakijali umekula nini. Usipokuwa nazo, seliaki karibu inafutwa kabisa. Ukiwa nazo, haijathibitika chochote, maana watu wengi wanazo na hawaugui.

Hatua ya 2: Ondoa sababu nyepesi za ukavu

Kabla hujajipa jina la ugonjwa, pitia orodha yako ya dawa. Piriton na setirizini za mafua na mzio, amitriptilini ya usingizi na maumivu, dawa za kibofu, na baadhi ya dawa za presha zinazoongeza mkojo, zote zinaweza kukausha mdomo. Usiache dawa ya daktari kwa uamuzi wako, nenda ukamwonyeshe orodha.

Halafu kuna miraa na muguka. Anayetafuna kila alasiri ana mdomo mkavu kwa sababu hiyo tu, na soda anazoshushia zinamalizia meno. Acha wiki mbili uone kinachobaki.

Kisukari, VVU na homa ya ini aina C vinaweza kuleta ukavu unaofanana kabisa na Sjögren, na VVU huweza pia kuvimbisha tezi za mashavu. Havikisiwi kwa macho. Vimo kwenye orodha ya hatua ya 4.

Hatua ya 3: Pima mate yako nyumbani

Fanya asubuhi. Kwa saa nzima kabla yake usile, usinywe, usipige mswaki, usivute sigara. Keti wima, inamisha kichwa kidogo mbele, meza mate mara moja kisha anza kuhesabu muda. Kwa dakika 15 usimeze, usiongee, usitafune. Acha mate yatiririke yenyewe kwenye kikombe kila yanapojaa. Mwisho yavute kwa sirinji usome. Povu lisikudanganye: subiri litulie, soma maji tu.

Mililita 1.5 au pungufu kwa dakika 15 ni kidogo kuliko inavyotakiwa, nayo ni habari ya kumpelekea daktari. Ikizidi hapo haimaanishi mdomo wako uko sawa, bali tezi bado zinafanya kazi. Kosa la kawaida ni kutafuna au kuwaza ndimu katikati ya kipimo. Mate yanachuruzika, na namba haina maana tena.

Hatua ya 4: Toa damu mara moja, kwa orodha kamili

Ukienda maabara mara tatu utalipa mara tatu. Mwombe daktari aandike yote kwenye fomu moja:

- tTG-IgA, kingamwili ya seliaki, pamoja na IgA jumla. Hii ya pili husahaulika sana. Wachache wenye seliaki hawatengenezi IgA ya kutosha, na kwao tTG-IgA inatoka safi kwa uongo. IgA jumla ikiwa chini, wapime kwa IgG.
- Anti-Ro (huandikwa SSA), anti-La (SSB), ANA na rheumatoid factor, kingamwili zinazotafutwa kwa Sjögren.
- TSH ya tezi ya shingo, maana ugonjwa wake wa kinga hupenda kuandamana na haya mawili.
- HbA1c (ya kisukari), VVU, homa ya ini C.
- Damu kamili, feritini, foleti, B12, vitamini D na vimeng'enya vya ini.

Uliza mapema kama maabara inapima yenyewe au inasafirisha damu, majibu yatachukua siku ngapi, na bima yako inalipa kipi. Hakuna haja ya kufunga kula kwa vipimo vya kingamwili.

Onyo: usianze dawa ya amiba kwa mara ya nne kabla ya kupata majibu haya. Kuharisha kwa miezi kukiambatana na upungufu wa damu usioitikia vidonge vya chuma ni sababu tosha ya kutafuta seliaki, hata kama hujawahi kusikia mtu wa mtaani kwenu akiwa nayo.

Hatua ya 5: Thibitisha

Kwa seliaki, mtu mzima huthibitishwa kwa endoskopia: kamera inapitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Daktari achukue vipande vidogo visivyopungua vinne kutoka sehemu ya pili ya duodenamu, na kimoja au viwili kutoka mwanzo wake kabisa. Liseme hili wazi kabla ya siku yenyewe, kwa sababu madhara hukaa kwa mabaka na kipande kimoja kinaweza kuangukia sehemu isiyoumia. Na bado unakula ngano hadi siku hiyo.

Kwa macho, kipimo cha Schirmer ni kikaratasi kinachoning'inizwa ukingoni mwa kope la chini kwa dakika 5. Kikilowa milimita 5 au pungufu, machozi ni machache.

Kwa Sjögren, mfumo wa alama wa mwaka 2016 unaotumika kwa tafiti, na ambao madaktari wengi huufuata, huhesabu hivi: anti-Ro alama 3, kipande cha mdomo chenye uvimbe wa aina maalumu alama 3, Schirmer 1, mate machache 1, madoa yanayoonekana juu ya jicho likitiwa rangi 1. Zikifika 4, na sababu nyingine zimeondolewa, jina linapatikana. Kwa hiyo anti-Ro ikitoka safi bado hujamaliza. Kipande hicho hutolewa upande wa ndani wa mdomo wa chini kwa ganzi ya sindano. Sehemu ndogo ya mdomo inaweza kubaki na ganzi kwa muda.

Hatua ya 6: Safisha jikoni, kisha acha ngano kabisa

Majibu yakithibitisha, sasa acha, na acha kweli. Wagonjwa wengi huvumilia chini ya miligramu 10 za gluteni kwa siku, na slesi moja ya mkate ina takriban miligramu 2,000. Ndiyo maana "kidogo tu haidhuru" ni uongo.

Anza na vyombo. Chekeche lililochekecha unga wa ngano halisafishiki, unga hukwama kwenye matundu na kwenye ukingo wa bati. Mwiko wa mti wenye nyufa ni vilevile, na kibao cha kusukumia chapati. Hivi nunua vyako, vitie alama ya rangi, vikae rafu ya juu ili vumbi la unga lisivishukie. Sufuria za chuma laini na vyombo vya kioo huoshwa kwa sabuni vikawa safi. Mbuzi ya kukunia nazi haina neno, mradi haikai karibu na unga.

Vyakula vya hapa vinagawanyika hivi:

*Salama vikipikwa peke yake:* wali, pilau na biriani za nyumbani, ugali wa mahindi, muhogo, viazi, ndizi, mbaazi za nazi, samaki wa kupaka, mchicha, mayai, dengu, mtama, wimbi, madafu.

*Ngano waziwazi:* mahamri, chapati, sambusa, kaimati, tambi, boko boko, suji, mkate wa duka.

*Vya kuuliza:* hapa ndipo mtu hunaswa. Vitumbua ni vya mchele, lakini wauzaji wengi hutia kijiko cha ngano vishikane. Mkate wa sinia vilevile, na mkate wa mofa uulize pia. Bhajia ni za unga wa dengu, ila karai lake ndilo lililokaanga sambusa. Viazi karai huvikwa unga. Unga wa uji wa kuchanganya mara nyingi una ngano ndani. Hing (mvuje) ya dukani mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano. Soseji, smokies, sosi ya soya na vinywaji vya kimea, soma pakiti. Pakiti iliyoandikwa shayiri ihesabu kuwa hatari, iwe ndani ni nini. Shayiri ya Kizungu, yaani oti, iache kwa miezi ya mwanzo hata ile iliyoandikwa haina gluteni.

Bizari nunua nzima pale Marikiti, uitwange mwenyewe. Mahindi usiyapeleke kwenye posho mili inayosaga ngano pia. Mashine haioshwi kati ya mteja na mteja.

Badala ya hamri ya asubuhi, mkate wa sinia huu hauhitaji ngano:

Loweka vikombe 2 vya mchele usiku kucha, umwage maji. Saga kwenye blenda pamoja na kikombe kimoja na nusu cha tui zito, vijiko 3 vikubwa vya wali uliopikwa, robo kikombe ya sukari, kijiko kidogo cha hamira na hiliki, mpaka ukipaka kati ya vidole usihisi chenga. Wali uliopikwa ndio unaofanya kazi ya ile ngano ya kushikanisha. Funika. Kwa joto la Mombasa huumuka ndani ya dakika 45 hadi saa moja. Ukiusahau saa tatu utakuwa mchachu na utatitia katikati. Paka sufuria mafuta, ipashe moto kwanza, mimina, kisha oka nyuzi 180 kwa dakika 30 hivi au moto mdogo chini na makaa juu ya kifuniko. Sukari imepunguzwa makusudi, kwa sababu ya meno.

Hatua ya 7: Kula nje na kwa watu

Usiulize "Kina gluteni?" Mwuzaji atasema hakina, kwa adabu. Uliza: "Umetia unga wa ngano? Haya mafuta umekaangia nini kingine?" Chipsi za mkahawa unaokaanga kuku wa kuvikwa unga ziache. Krips za muhogo za ufukweni Mama Ngina ni rahisi zaidi, maana karai lile kwa kawaida ni la muhogo tu, lakini tazama kwanza, na waambie wasitie ndimu na pilipili ikiwa mdomo unawaka.

Harusini, kula nyumbani kwanza. Kwa shangazi anayekusukumia hamri, "daktari amenikataza, ninatapika" humaliza mjadala haraka kuliko somo la kingamwili. Wakati wa futari, meza imejaa sambusa, kaimati na tambi, kwa hiyo peleka sahani yako ya viazi vya nazi na ule kabla makombo hayajachanganyika. Tende ni salama kwa gluteni, ila huganda kwenye meno makavu. Sukutua maji baada yake.

Hatua ya 8: Macho

Tia tone moja la machozi bandia kila jicho, mara 4 kwa siku kuanzia, hata kama siku hiyo hayawashi. Ukihitaji zaidi ya mara 4 kwa siku, tumia yasiyo na kihifadhi tu. Kihifadhi kiitwacho benzalkonium huchoma uso wa jicho kikirudiwarudiwa. Usiku tumia jeli au marhamu, utaona ukungu mpaka itulie.

Hewa ya Mombasa ina unyevu, na watu hushangaa ukavu unatoka wapi. Unatoka kwenye feni inayopuliza usoni usiku kucha, kiyoyozi cha ofisi, na upepo wa dirisha la matatu. Geuza feni ielekee ukutani. Vaa miwani inayofunika pembeni ukiwa kwenye tuktuk au kivuko cha Likoni, hasa upepo ukiwa mkali.

Soma joto la kuhifadhi kwenye kichupa, dashibodi ya gari huua dawa. Katika madhehebu ya Shafii tone la jicho halifunguzi saumu. Ukiwa na shaka muulize sheikh wako, usiache tu mwezi mzima.

Usitie tone la "kuondoa wekundu", wala tone la steroidi alilopewa jirani. La pili laweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya na kuleta mtoto wa jicho.

Hatua ya 9: Mdomo

Mate ndiyo yanayolinda meno, kwa hiyo pasipo mate meno huoza shingoni, karibu na ufizi, tena upesi. Piga mswaki mara mbili kwa siku, tema, usisukutue maji. Mwone daktari wa meno kila miezi 3 hadi 6 na umuulize kuhusu dawa ya floridi ya 5000 ppm.

Tembea na chupa ya maji, upige funda ndogo. Kunywa lita kwa mkupuo hakulowanishi mdomo, hukupeleka chooni. Bigijii isiyo na sukari, yenye zilitoli, huamsha mate kama tezi bado zina uhai. Mabuyu ya rangi, ukwaju na maji ya ndimu vinaongeza mate kweli, na vinakula meno kweli. Viache.

Chakula kikavu kipe mchuzi. Ugali kwa nyama choma utakukwama kooni, ugali kwa mchicha wa nazi utashuka.

Kuna vidonge vya pilokapini, kwa kawaida miligramu 5 mara 3 hadi 4 kwa siku, kwa cheti tu. Hukamua tezi zilizobaki, pamoja na za jasho, na kwa joto la Februari utalowa shati. Mwenye pumu isiyodhibitiwa au presha ya jicho ya pembe nyembamba asivitumie.

Hatua ya 10: Ufuatiliaji

Rudia tTG baada ya miezi 6 na 12, ishuke. Rudia feritini na vitamini D. Ndugu wa damu wa karibu, yaani wazazi, ndugu na watoto, wapimwe tTG hata bila dalili. Mwenye anti-Ro anayepanga mimba amwambie daktari mapema: kingamwili hiyo huvuka kondo, na kwa mimba 1 hadi 2 kati ya 100 huziba umeme wa moyo wa mtoto. Moyo wa mtoto hufuatiliwa kuanzia wiki ya 16 hadi 18 hivi mpaka ya 26.

Mambo yakikwama

*tTG haishuki baada ya mwaka.* Gluteni inaingia mahali. Shuku kwanza unga wa uji, bizari ya kusagwa, mafuta ya karai na dawa zenye wanga wa ngano, kwa mpangilio huo.

*tTG imeshuka, bado unaharisha.* Jaribu kuacha maziwa wiki mbili, maana utumbo ulioumia hushindwa kusaga lactose kwa muda. Isiposaidia, wapime giardia (kimelea cha utumbo), tezi ya shingo, kongosho na utumbo mpana.

*Mwaka bila ngano, macho bado makavu.* Ndivyo inavyotarajiwa. Kama hujapimwa anti-Ro, kapime. Kama hukupimwa vitamini A na ulikuwa umekonda sana, uliza: upungufu wake hukausha macho na huletwa na utumbo usiofyonza mafuta. Ukiona vibaya gizani, usisubiri, na usijinunulie vidonge vya vitamini A, hasa ukiwa mjamzito.

*Mdomo unawaka, ulimi mwekundu, pembe za mdomo zimepasuka.* Mara nyingi ni fangasi, na hutibika. Meno ya bandia yavuliwe usiku na yaoshwe, la sivyo hurudi.

*Matone yanachoma zaidi.* Badilisha yawe yasiyo na kihifadhi. Yakichoma bado, huenda kope zenyewe zimevimba: kitambaa cha maji moto dakika 5 hadi 10, kisha sugua ukingo wa kope taratibu.

*Jicho moja limekuwa jekundu, linauma, mwanga hauvumiliki au kuona kumefifia.* Kliniki ya macho siku hiyohiyo.

*Tezi ya shavu imevimba upande mmoja, ngumu, haipungui, pengine na homa, jasho la usiku au kukonda.* Sjögren huongeza hatari ya limfoma, na hivi ndivyo huweza kuanza. Nenda wiki hiyohiyo, umwambie daktari waziwazi kwamba una Sjögren.